Uniti 75 zilipangwa kwa taa, leo tunaambiwa tupike: barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati

Mang'ula, Kilombero,
Morogoro.
Mei 2025

Kwa Mheshimiwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Nishati,
Dodoma.

Nakala: Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), waheshimiwa wabunge wa kamati inayoshughulikia nishati.

YAH: KIKOMO CHA UNITI 75 ZA UMEME WA BEI NAFUU KWA MWEZI NA MWITO WA KUPIKA KWA NISHATI SAFI

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Sayansi darasa la sita, na ni mama wa watoto watatu. Naishi Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, pale reli ya TAZARA inapopita kati ya miwa na mpunga. Nimetanguliza ninapoishi kwa sababu lalamiko langu linaanzia hapo. Kaskazini yetu kuna bwawa la Kidatu, linalofua umeme tangu mwaka 1975. Kusini magharibi kuna Kihansi. Mto Kilombero unaopita bondeni kwetu huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na maji hayo yakifika chini ndiyo yanayozungusha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere. Maji ya umeme wa nchi hii tunayaona yakipita. Na jioni, ukisimama barabarani, unaona moshi wa kuni na mkaa ukipanda karibu kila ua.

Nimeandika barua mbili kwa ofisi ya umeme inayotuhudumia, moja Oktoba mwaka jana na nyingine Februari mwaka huu. Nimekwenda dirishani mara tatu. Sitaitaja ofisi wala aliyenihudumia, maana kijana yule alinipokea kwa heshima na akanieleza ukweli: yeye hana mamlaka juu ya bei, bei zimepangwa juu. Barua zangu hazikujibiwa. Basi naandika huko juu, tena hadharani, kwa kuwa majirani zangu wengi wana jambo hilihili na hawajui wamwandikie nani.

Kwanza nishukuru panapostahili. Umeme umefikishwa katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, bei ambayo hata mama muuza mbogamboga anaweza kuipigania. Mtambo wa tisa wa Rufiji umekamilika mwezi uliopita, na bwawa lile sasa lina uwezo wa megawati 2,115. Tarehe 8 Mei 2024 Mheshimiwa Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Wiki iliyofuata akawa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano wa dunia kuhusu upishi safi barani Afrika. Mimi nilikuwa nasikiliza redio, na niliamini. Ninayoyaandika hapa yamenipata kwa kuwa niliamini.

KILICHONIPATA

Juni 2024 nilichukua presha kuka ya umeme kwa mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo, shilingi 190,000, nikalipa kwa miezi sita. Kwa kuwa ni mwalimu wa Sayansi, nikafungua daftari. Kabla ya kubandika nasoma mita, nikiepua nasoma tena, friji nimelizima. Maharage nusu kilo yaliyolowekwa usiku kucha: uniti 0.4, dakika arobaini na tano. Wali wa watu watano: uniti 0.3. Makande yalikula 0.6. Ugali siusongi humo, chombo ni chepesi, kinazunguka ukipiga mwiko, kwa hiyo ugali na chapati vikabaki kwenye mtungi wangu mdogo wa gesi. Mkaa niliuacha kabisa. Mwanangu wa mwisho, ambaye miaka miwili mfululizo alikuwa akikohoa usiku, mwaka jana hakukohoa hivyo. Sidai kwamba jiko limemponya, naeleza nilichokiona.

Kabla ya jiko nilikuwa natumia uniti 48 kwa mwezi: taa, runinga, pasi, friji dogo. Baada ya jiko nikawa natumia 92. Kwa maneno mengine, kupikia familia nzima kwa mwezi mzima kulinichukua uniti 44.

Jumamosi moja ya Oktoba nikanunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu. Nimezoea ujumbe uje na uniti 40 na pointi zake. Ukaja na uniti 14. Nikadhani mtandao umekosea. Nikaziingiza tarakimu zile 20 kwenye mita, mwanangu mkubwa akinisomea moja moja, na mita ikaandika 14 vilevile. Nilikuwa nimehamishwa kutoka kundi la D1 kwenda T1.

Kwa wasomaji wasiojua mpangilio huu, ambao umekuwapo tangu Aprili 2016: mteja mdogo wa D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na ukijumlisha kodi na tozo inakuwa 122. Kinachozidi 75 hutozwa 350, ambayo na kodi ni 427. Ukizoea kuzidi, unahamishiwa T1, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni 292, yaani 356 na kodi. Kwa hiyo uniti zangu 48 za taa na friji, ambazo zilikuwa zinanigharimu shilingi 5,856, sasa nazo zimepanda mara tatu. Mwezi mzima nilioulipia chini ya 6,000 kabla ya jiko ukawa 32,752.

Nilipokwenda dirishani, kijana yule aliniambia, "Mwalimu, punguza matumizi, ukikaa miezi kadhaa chini ya 75 unaweza kuomba urudishwe." Nikamuuliza nipunguze nini. Akaangalia karatasi yangu, akakaa kimya kidogo, akasema, "Labda hilo jiko."

MALALAMIKO YANGU

1. Kikomo cha uniti 75 kilipangwa kwa mtu wa taa, si kwa mtu wa jiko.

Mwaka 2016 hapakuwa na Bwawa la Nyerere wala mkakati wa upishi. Nchi ilikuwa imetoka kwenye miaka ya mgao wa umeme, na busara ya wakati ule ilikuwa kumpa mnyonge umeme wa taa kwa bei ndogo na kumkataza asizidishe. Naielewa busara hiyo. Lakini uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku. Friji dogo likichukua moja, taa, runinga na pasi zikichukua nusu, inabaki moja ya kupikia watu watano kifungua kinywa, mchana na usiku. Haitoshi. Haikupangwa itoshe.

Leo mwito umebadilika na kikomo kimebaki palepale. Mkakati unaniita nipike kwa umeme, bei inaniambia niache. Wizara ni moja, kauli ni mbili, na mimi raia nitaifuata ile inayotoka kwenye mfuko wangu.

Majirani zetu wa Uganda waliliona jambo hili. Tangu mwaka 2022 mteja wa nyumbani anayevuka uniti 80 hakabiliwi na bei kali zaidi: uniti ya 81 mpaka ya 150 wamezishusha, zikawa shilingi 412 za kwao badala ya zaidi ya 700, na wameziita waziwazi bei ya kupikia. Yaani mahali palepale ambapo Mtanzania anapandishiwa, Mganda anashushiwa. Kenya nao mwaka 2023 waliweka ngazi ya kati, kuanzia uniti 31 hadi 100, mtu asiruke kutoka bei ya mnyonge kwenda bei ya juu kwa hatua moja. Hawa wote wana mito, mvua na ukame kama sisi.

Hapa nataka niseme kweli yote, maana mtaalamu yeyote wa wizara atanikamata nisiposema. Hata kwa bei ya T1, umeme bado haujawa ghali kuliko mkaa. Gunia moja kwa mwezi kwetu lilikuwa shilingi 35,000, na masika linapanda. Ongezeko langu la umeme baada ya kuhamishwa ni 26,896. Bado nina nafuu ya shilingi elfu nane na ushee, na ndiyo sababu sijalirudisha jiko la mkaa. Ila mimi nina mshahara na nina daftari. Jirani yangu hanunui gunia, ananunua kopo asubuhi na kopo jioni, hajawahi kuiona 35,000 ikiwa pamoja. Anachokiona ni kwamba Mwalimu alinunua jiko la umeme na bei ya taa zake ikapanda mara tatu. Wanawake wanne wa mtaani kwetu walikuwa wamejiandikisha kukopa presha kuka baada ya kula maharage yangu kwenye kikao cha mchezo wetu wa kupokezana fedha. Oktoba, habari zilipoenea, wote wanne walijitoa.

2. Wapangaji wanaochangia mita moja wanalipa bei ya juu kuliko wenye nyumba zao.

Dada yangu amepanga chumba Temeke. Nyumba ina vyumba sita, familia sita, mita moja. Kila familia ikitumia uniti 30, ambazo ni kidogo mno, mita inasoma 180. Kwa hesabu ya mita huyo ni mteja mkubwa, yuko T1. Kwa hesabu ya watu ni kaya sita za watu wa chini kabisa, na kila moja peke yake ingestahili D1. Wanachanga kila wiki, wanagombana kila wiki, na ukutani mwenye nyumba ameandika kwa kalamu nzito: MARUFUKU KUPIKIA UMEME. Simlaumu sana mwenye nyumba. Hana namna ya kujua nani katumia kiasi gani. Kwa hiyo dada yangu anapikia mkaa kwenye korido, na vyumba vyote sita vinakaa katika moshi mmoja.

Miji yetu inakaliwa na wapangaji wa aina hii. Inakadiriwa kwamba Dar es Salaam peke yake hutumia karibu nusu ya mkaa wa nchi. Mkakati usiogusa mita ya kuchangia utakuwa umewaruka watu haohao.

3. Mtungi wa gesi umebebeshwa mzigo usio wake.

Niliona mitungi ya kilo 6 ikiuzwa kwa nusu bei kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, na nilifurahi, kwa sababu mtungi ni bora mara mia kuliko kuni mbichi. Ila watu wengi mtaani wanaamini gesi ile inatoka Songo Songo. Haitoki huko. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika 2004, ni gesi asilia inayopita kwenye bomba kwenda kufua umeme na kuendesha viwanda. Gesi ya mtungi ni propani na butani, huja kwa meli kutoka nje, na bei yake inafuata soko la dunia na dola. Zote mbili ni za kuchimbwa, zikichomwa zimekwenda. Maji ya Kilombero yanarudi kila masika.

India waligawa mitungi kwa ukubwa ambao sisi hatuwezi hata kuuota. Mpango wao ulianza Mei 2016, na kufikia Septemba 2019 familia milioni 80 zilikuwa zimepewa. Kilichofuata kinajulikana: sehemu kubwa ya familia maskini hawakurudi kujaza, au walijaza mara moja mbili kwa mwaka, mtungi ukakaa pembeni na kuni zikaendelea. Kwetu nimeshaingia nyumba tatu ambamo mtungi wa ruzuku umewekwa sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio.

4. Tunakata msitu unaotupa maji ya umeme, ili tupike, kwa kuwa umeme umetushinda.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na naomba Mheshimiwa unisikilize hapa hata kama umechoka kusoma.

Darasani nafundisha vyanzo vya nishati. Nachora ubaoni safu mbili: nishati jadidifu, yaani inayojirudia, na isiyojirudia. Jua, upepo, maji, mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria kwa Wakenya, hivyo vinakwenda kushoto. Makaa ya mawe, petroli, gesi asilia, kulia. Nikifika kwenye mkaa, chaki inasita. Kwa kawaida kuni na mkaa huwekwa kushoto, kwa kuwa mti huota tena. Wanafunzi wangu wanaishi hapa, wameona kwa macho yao vilima ambako mikarati na mininga ilikatwa na haijaota tena. Tanuri la udongo la kienyeji, kwa kilo 100 za kuni, hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Kilichobaki kimekuwa moshi porini kabla hata ya kufika jikoni. Mti wa miaka arobaini unaokwisha kwa wiki mbili mimi siwezi kuuweka kushoto kwa moyo mweupe.

Mama mkwe wangu alizaliwa hapahapa. Mpaka mwaka 2011, wanawake wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Mwaka huo ruhusa ikaondolewa. Sitaki kulifufua shauri hilo, kwa sababu msitu ule ndio unaotiririsha vijito vyetu, na ndani yake kuna wanyama wasiopatikana popote pengine duniani. Waliofunga walikuwa na hoja. Ila mama mkwe wangu, aliyekuwa na mzigo mmoja wa kuni kavu kwa wiki, bure, alianza siku ile kununua mkaa, na mkaa ule ulitoka kwenye misitu ya myombo upande wa pili wa bonde, miti mibichi iliyokatwa kwa shoka. Aliambiwa asiokote, na nyaya za umeme zinapita juu ya paa lake. Nilimnunulia presha kuka Desemba. Ameipenda. Anaitumia Jumapili tu, kwa kuhofia asije "akahamishwa kama Mwalimu."

Ruaha Mkuu, unaoingia Mtera na Kidatu, tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi yake, hasa kwa sababu ya matumizi mabaya ya maji na ardhi huko juu. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa tulirudi kwenye mgao. Nchi imewekeza zaidi ya trilioni 6 kwenye bwawa moja la Rufiji. Mlinzi wa bwawa hilo ni mti ulioko huku kwetu, na adui wa kwanza wa mti huo ni sufuria ya maharage.

5. Umeme kukatika bila taarifa.

Hili najua linafanyiwa kazi, sitalirefusha. Maharage yaliyokatikiwa umeme katikati hayaivi kwa wakati. Mtu akipatwa na hayo mara tatu, jiko linarudi kwenye boksi. Tunaomba tu taarifa mapema kwa simu, kama tunavyoletewa ujumbe wa tokeni.

MAJIBU NINAYOYATARAJIA

Najua nitaambiwa bei ya shilingi 100 ni ya hasara kwa shirika la umeme, na kuipanua ni kuliua. Nakubali kwamba ni bei ya ruzuku. Siombi kila uniti iwe 122. Naomba kusiwe na ukuta pale kwenye 75. Kati ya 122 na 427 kuna nafasi kubwa ya kupanga ngazi. Na uniti ninazozungumzia ni mpya, hazikuwa zikinunuliwa kabla. Machi 2024 tulitangaziwa kwamba mitambo kadhaa ya maji imezimwa kwa muda kwa kuwa umeme umezidi mahitaji. Leo gridi ina uwezo wa kufua zaidi ya megawati 4,000, na mahitaji ya juu kabisa ni karibu nusu ya hapo. Mtambo uliozimwa hauingizi hata shilingi moja. Uniti iliyouzwa kwa 200 inaingiza 200.

Nitaambiwa pia kwamba umeme upo lakini nyaya na vituo vya kupozea haviwezi kubeba majiko ya watu wote saa moja usiku. Hoja hii ina uzito. Hata Mheshimiwa Rais Machi mwaka huu alieleza kwamba kaskazini kuna mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa sababu ya umeme unaopotea njiani ukisafirishwa kutoka kusini. Lakini tupige hesabu. Presha kuka ya kawaida ni kilowati moja. Zikiwaka laki moja kwa mpigo, ni megawati 100, pungufu ya nusu ya mtambo mmoja wa Rufiji, wenye megawati 235. Wala hazitawaka kwa mpigo, kwa kuwa zinakata zenyewe presha ikishafika. Tena maharage na makande, vinavyokula mkaa kuliko vyakula vyote, vinapikwa vizuri saa tisa alasiri, na chombo kikakaa na joto lake mpaka usiku. Wekeni bei nafuu ya alasiri, muone kama wanawake hawatahamisha saa za kupika.

Jibu la tatu huwa ni utamaduni: Mtanzania anapenda ladha ya mkaa. Mheshimiwa, hilo lisemwe na aliyewahi kupuliza jiko la mkaa saa kumi na moja alfajiri huku mtoto amebebwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Serikali yetu yenyewe imekuwa ikitaja vifo 33,000 kwa mwaka hapa nchini. Sijamsikia mama hata mmoja akisema ataukosa ule moshi.

Na kwa watakaosema nchi maskini haiwezi kupandisha majiko ya umeme kwa sera ya bei, wawatazame Ekwado. Mwaka 2014, walipokuwa wanajenga mabwawa makubwa kama sisi, waliwapa wenye majiko ya umeme uniti 80 za kupikia bure kila mwezi, wakilenga kaya milioni tatu. Hawakufika walikolenga, tena walibaki mbali. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba mtungi wa kilo 15 uliendelea kuuzwa kwa ruzuku, dola moja na senti sitini. Walivuta kamba huku na huku. Mamia ya maelfu ya kaya walihama hata hivyo, na kosa lao tunaweza kulikwepa, kwa kuwa sisi hatujafika huko na ruzuku ya gesi.

NINACHOOMBA

Kwanza, EWURA iitishe mapitio ya bei za wateja wa nyumbani kwa kigezo cha upishi, na iweke ngazi ya kupikia kati ya uniti 76 na 150 kwa bei iliyo chini ya T1. Juu ya 150 bei ibaki ilivyo, tajiri wa viyoyozi asijifiche nyuma ya sufuria yetu.

Pili, mpaka mapitio hayo yakamilike, usimamishwe uhamisho wa mteja wa D1 kwenda T1 pale anapothibitisha kwamba kilichoongezeka ni jiko. Kuthibitisha kuwe rahisi: risiti ya jiko na picha ya mita, vipokelewe ofisi ya kata.

Tatu, nyumba za wapangaji zipatiwe mita ndogo kwa kila chumba au kila familia kwa gharama nafuu ya kulipa kidogokidogo kupitia LUKU (mfumo wetu wa kununua umeme kabla ya kuutumia), kama tunavyokatwa kodi ya jengo shilingi 1,500 kila mwezi bila mtu kupanga foleni. Njia ya kukata ipo tayari. Itumike na kwa hili, na kwa kukopesha majiko pia.

Nne, mpango wa ruzuku ya mitungi usimame sambamba na ruzuku ya presha kuka. Kijiji chenye umeme kichague chenyewe.

Tano, wizara itoe hadharani, wilaya kwa wilaya, idadi ya kaya zenye umeme na idadi ya zinazopikia umeme. Takwimu zilizotumika kuandaa Mkakati zilionyesha kaya karibu tisa kati ya kumi zikitegemea kuni na mkaa, na umeme kiasi cha tatu kwa mia. Tukijua Kilombero yenye Kidatu na Kihansi iko wapi kwenye hesabu hiyo, tutajua pa kuanzia.

Daftari langu lina kurasa 61, kila mlo na usomaji wake wa mita kuanzia tarehe 10 Juni 2024. Nimelipiga picha lote. Mtaalamu wa wizara au wa EWURA akilihitaji, shule ninayofundisha inajulikana kwa Afisa Elimu wa eneo letu, nami nitalileta mwenyewe Dodoma kwa nauli yangu wakati wa likizo ya Juni. Naomba jibu la maandishi. Wale wanawake wanne nimewaahidi kuwasomea jibu hilo kwenye kikao chetu cha Jumapili ya kwanza ya Julai, na mmoja wao ameniomba nisimfute kwenye orodha ya mkopo mpaka siku hiyo ipite.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Sayansi, darasa la sita,
Mang'ula.